Darubini ya Mbeya na Magharibi ya Siku ya Ishirini na Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Nilikuwa nimetoka kwetu Ilula, nimesafiri siku mbili, nusu ya safari juu ya lori la mbao nililolipata Mafinga, na cheti changu cha shule nimekifunga kwenye kitambaa kifuani. Bwana Hewa, ndivyo watu wa Mbeya walivyomwita Mzungu aliyesimamia kituo cha kupima mvua na upepo, alinipandisha hadi kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya kituo, mahali ambapo mji wote ulionekana chini. Akasukuma paa. Paa zima la mabati likateleza juu ya reli mbili, na anga ikaingia ndani.

"Yohana," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "leo wewe tazama tu. Kesho wewe futa vumbi. Mwezi ujao, pengine, wewe gusa."

Darubini ile ilikuwa mali ya mji. Mkulima mmoja wa kahawa aliiacha alipohama, na kamati ya wenyeji ikaijengea kibanda ili yeyote apande kutazama nyota Jumamosi jioni, mvua zikiwa zimekwisha. Mimi niliajiriwa kuwa msaidizi, miaka ile ya hamsini, wakati ambapo wazazi wangu hawakujua jinsi ya kuwaeleza majirani kazi ninayofanya. Mama alikuwa akisema, "Yuko Mbeya, anaonyesha watu vitu vya juu."

Nilijifunza kwamba darubini haipendi haraka. Paa lilifunguliwa saa nzima kabla ya watu kufika, ili kioo kikubwa cha mbele kipoe na kulingana na baridi ya nje. Kikiwa bado na joto la mchana, nyota hutetemeka kama punje ndani ya maji yanayochemka. Umande ukitua kiooni hatukuufuta kwa kitambaa, maana kitambaa huacha mikwaruzo; tulipepea taratibu kwa kipande cha kadibodi mpaka unyevu uondoke wenyewe. Mgongoni mwa darubini kubwa palikuwa na nyingine ndogo tuliyoiita kitafutio. Hiyo haikukuza sana. Kazi yake ilikuwa kukuonyesha bomba la ile kubwa limeelekea wapi.

Lakini kazi kubwa ilikuwa watu. Walikuja wakulima kutoka Mbalizi na mablanketi mabegani, wakaja makarani, wakaja akina mama na vikapu vyao vya sokoni. Mtu mmoja alipoiona sayari ya Zohali na pete yake, alizunguka hadi mbele ya darubini akachungulia kama nimebandika picha kiooni. Nilimwacha achungulie. Aliporudi kwenye foleni aliwaambia wenzake, "Hakuna kitu. Ni yenyewe."

Bwana Hewa alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila Jumamosi: "Kabla mtu hajaweka jicho, wewe mwambie anaona nini. Akishaweka jicho, hasikii tena."

Niliivunja kanuni hiyo mara moja.

Ilikuwa Jumamosi, na pia ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Bwana Hewa alikuwa safarini Iringa, funguo ninazo mimi. Waislamu wa mjini walikuwa wametazama upande wa machweo tangu jua lilipozama, lakini wingu zito lilikuwa limelala juu ya upeo kama godoro. Mwezi ukiandama, kesho ni Idi. Usipoonekana, wanafunga siku ya thelathini. Basi mtu akakumbuka darubini, na baada ya kufuturu wakapanda mlima, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona.

Mbele yao alikuwa Mzee Shomari, muuza vitambaa, ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Ndiye aliyetangaza mwandamo Mbeya. Akisema ameuona, mji ulikula. Na kwa miaka yote aliyotangaza hakuna aliyewahi kumtilia shaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone hicho chombo chako."

Mwanya pekee angani ulikuwa juu ya lile wingu, na ndani yake nilikuwa nimeelekeza darubini kwenye sayari ya Zuhura, ile nyota angavu ya jioni. Nilipokuwa nikimwekea kigoda, nikababaika na wingi wa watu, sikusema neno. Yeye akainama, akafumba jicho moja. Kisha akasema polepole, "Alhamdulillahi. Huu hapa."

Furaha ilishuka kwenye ile foleni kama maji ya mfereji. Wengine walikwisha kugeuka kuteremka na habari. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Zuhura haina mwanga wake. Humulikwa na jua kama mwezi unavyomulikwa, na kuna majira ambapo tunauona ukingo mmoja tu uking'aa. Ukiitazama kwa darubini majira hayo, inakuwa mwezi mchanga kabisa, pembe mbili, na ukubwa uleule wa mwezi tuliouzoea. Mzee hakuwahi kutazama kwa darubini kabla ya jioni ile. Hakujua kwamba mwezi wenyewe ungejaa kioo kizima.

Nikinyamaza, mji mzima ungekula siku ya kufunga, kwa neno lake na kwa kosa langu. Nikisema, ningemwaibisha mbele ya watu wake, na nani angepanda tena kwenye kibanda chetu?

"Mzee wangu, naomba radhi," nilisema. "Huo si mwezi. Ni Zuhura."

"Zuhura naijua tangu utoto. Haina pembe."

"Sasa Mhehe wa Kilutheri ndiye wa kutuandamishia mwezi," sauti ikasema kutoka nyuma, watu wakacheka.

"Yohana," akadakia Bi Mwanaidi, muuza maandazi, "mchele wangu nimeshauloweka. Nikauambie nini?"

Nilimwomba mzee atazame kwenye kitafutio, aone kama ni mwezi au nyota, maana mwezi una pembe hata bila kukuzwa. Kabla hajainama, wingu lilipanda likaziba mwanya wote. Hapakuwa na cha kuonyesha. Nikamwomba jambo moja: asitangaze mpaka wingu lipite. Alinitazama usoni, akaketi juu ya kigoda changu, akawaambia waliokuwa wakiteremka, "Rudini. Tunangoja."

Tulingoja kwa baridi ile, watu wakinung'unika, Bi Mwanaidi akiwagawia maandazi yaliyobaki. Wingu lilipofunguka, mzee alitazama kwenye kitafutio: nyota, nyeupe, haina pembe. Akatazama kwenye darubini: pembe. Akainua kichwa akatazama kwa macho matupu kufuata mstari wa bomba: nyota ileile aliyoijua. Alirudia mara tatu. Kisha akasimama, akapangusa magoti.

"Mimi nimekosea," aliwaambia. "Kesho tunafunga."

Jioni iliyofuata mwezi ulionekana juu ya upande wa Mbalizi, na hakuna aliyehitaji darubini. Siku ya Idi nililetewa sinia la pilau kutoka kwa Bi Mwanaidi, na ujumbe kwamba mchele umenisamehe. Bwana Hewa aliporudi nilimweleza yote.

"Ulimwambia kabla?"

"Hapana, Bwana."

"Na baada?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi umefanya nusu ya kazi," alisema, akaenda kupima mvua.

Baadaye nilihamishiwa Iringa na darubini ya kubebeka, niwe nikizunguka nayo vijijini. Mzee Shomari alinipa barua kwa wafanyabiashara wenzake wa huko. Niliisoma njiani, Mungu anisamehe. Ilisema: "Mkitafuta mwezi, mwiteni kijana huyu. Akiwa hajauona, atawaambia hajauona." Waliniita kila mwaka, mimi Mlutheri, mpaka nilipostaafu, na mara nyingi zaidi niliwajibu hapana.

Sasa naishi Ilula, na macho yangu yote mawili yameingia ukungu. Mwaka huu, jirani yangu Mwislamu alikuja tena jioni ya ishirini na tisa, akanishika mkono tukasimama uani tukielekea machweo. Anga ilikuwa safi, nilihisi hivyo kwa baridi.

"Mzee Yohana, unauona?"

"Sioni kitu, mwanangu," nilimjibu. "Lakini hilo halina maana kwamba haupo. Nenda kawaulize wenye macho."

Akaenda mbio. Nikabaki nimesimama pale, uso juu, nikiwa na raha yangu.