Namba Fupi

Zamani niliamini kwamba namba fupi inafupisha maisha. Ukituma ujumbe kwenye namba ya tarakimu chache, zile zisizoanza na sifuri kama namba za binadamu, mitambo inakukata miaka badala ya vocha. Niliuamini uvumi huo kwa moyo wote, mimi mhitimu wa shule ya jioni, cheti kimetundikwa juu ya kitanda ndani ya fremu ghali kuliko kitanda chenyewe.

Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeshuka bei, na soko huria lilikuwa limeijazia Kariakoo kila kitu isipokuwa mahali pa kukanyaga. Ndipo gari la matangazo likapita mitaa yetu ya Mchafukoge: wauza vyakula wataondolewa vichochoroni, ila mwananchi mwenye maoni atume ujumbe, bure, kwenye namba ifuatayo. Namba yenyewe fupi!

Nilitoka mbio kuokoa roho za watu. Na kila niliposimulia, habari ilinenepa. Jamaa mmoja wa Feri alituma asubuhi, adhuhuri kakauka kama dagaa. Kufikia jioni mkewe alikuwa ameshamkunja, kamweka kabatini.

"Msomi, upande wa mashati au wa suruali?" akauliza fundi cherehani wa barazani.

Kichochoro kizima kilicheka. Lakini hakuna aliyetuma.

Aliyetaka kutuma alikuwa mmoja tu: bibi aliyekuwa akituuzia chapati na maharage pale kona tangu sijaanza kuota ndevu. Hakujua kusoma, simu hakuwa nayo, na kona ile ndiyo iliyokuwa ikimlipia chumba.

"Shikamoo, bibi. Lakini umesikia habari za hiyo namba..."

"Marahaba. Nimezisikia. Mimi miaka yangu nimeshaila, wakikata watakata makombo. Andika: tuachieni asubuhi tu, saa nne tunafagia tunaondoka."

Niliandika kila neno. Kisha kidole kikagoma. Simu ilikuwa yangu, na mimi sikuwa na makombo. Mimi wangenikata sinia zima la pilau.

"Imekwenda?"

"Imefika, bibi."

Akanipa chapati ya asante. Nikaila.

Wiki iliyofuata tuliitwa kwenye mkutano wa hadhara, kiwanja cha shule. Ofisa wa kata alikuja na utaratibu mpya: kila ujumbe uliopokelewa utasomwa mbele ya watu, pasiwe na siri. Bibi alivaa khanga za kutokea, akakaa mbele, mimi ubavuni kwake. Wauza uji wa mtaa wa pili walikuwa wameomba waachiwe asubuhi. Ujumbe wao uliposomwa wakapiga vigelegele.

"Wangu bado," bibi akaninong'oneza.

Ukasomwa mwingine, na mwingine. "Wangu bado." Nilimwomba Mungu ofisa asome mpaka Idi.

Akamaliza. Mtaa wa pili wakaachiwa asubuhi. Kwetu, akasema, hakuna aliyeomba kitu.

Bibi alinigeukia. Nikasema labda mtandao ulisumbua. Watu wa kichochoroni walipoanza kunisema, yeye ndiye aliyenitetea: "Mwacheni kijana wa watu. Alituma, nilimwona kwa macho yangu. Mitambo yao ndiyo mibovu."

Alihamia Mchikichini, nyuma ya wauza viatu vya mitumba, ambako watu hupita macho yakiwa chini yakitafuta saizi. Nilikuwa nikienda kula kwake chapati nyingi kuliko tumbo langu lilivyoweza, na kila mara nilirudi sijamwambia.

Siku moja nikitoka kwake nilimkuta yule ofisa anajaribu kiatu, mguu mmoja juu. Nikamsogelea, natafuta japo kijisababu cha kunisitiri.

"Samahani, mheshimiwa. Ile namba ya maoni, kwa nini mliifanya fupi vile?"

"Ili ikumbukwe kirahisi," akasema, huku akifunga kamba. "Hata na asiyejua kusoma."