Moto Waliomsingizia Mama

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kasokola, mwanamume akiwa porini kwenye kambi ya asali, mkewe alikuwa na miiko ya kushika. Asitoe kaa la moto jikoni mwake, asilale nje ya nyumba yake, na zaidi ya yote asimwingize mwanamume mwingine. Akikosea, msitu ungemwadhibu mumewe.

Mama yangu aliitwa Yustina Kalunde. Aliishika miiko hiyo hadi ikamletea ugomvi. Shangazi, dada yake baba, alikuja na kigae kuomba kaa, akarudi nacho kitupu.

"Haya, jifanye mtakatifu," alisema.

Kiangazi kile msitu uliwaka mpaka moshi ukaziba jua huku kijijini. Mizinga yote ya baba iliteketea juu ya miti. Yeye mwenyewe alirudi akiwa amebebwa mgongoni na mdogo wake, Silvesta, aliyekuwa naye kambini, nyayo zimebabuka. Nilipowapelekea maji chumbani nilimsikia baba mdogo akinong'ona, "Kaka, ule mwenge wa kufukizia nyuki niliuegemeza kwenye mti. Nilidhani umezimika."

"Nyamaza," baba alisema.

Kesho yake ukoo ulikaa uani. Shangazi ndiye aliyeanza.

"Wifi, tuambie. Ulimwingiza nani?"

"Wewe nilikunyima hata kaa la moto, halafu nikamfungulie mwanamume mlango?" Mama akamgeukia Silvesta. "Shemeji, mwenge mliuzima?"

Baba mdogo aliangalia vidole vyake vya miguu. Nikasema mimi nilichokisikia. Shangazi alinizaba kofi. "Mambo ya porini mtoto unayajulia wapi?"

Wote wakamtazama baba, aliyekuwa amelazwa mkekani karibu na mlango. Neno lake moja lingetosha. Aligeukia ukutani.

Mama aliondoka siku ile ile kurudi kwao Majimoto, furushi kichwani, huku wakimwita "yule mwanamke". Ndiyo maana jina lake naliandika kamili.

Shuleni, enzi za mkoloni, walitufundisha kuidharau miiko ya kwetu. Siidharau. Mama aliiamini kuliko wote waliomhukumu. Ninachokichukia, na uzee haujanipunguzia chuki hiyo, ni wanaume wawili wazima waliojua ukweli wakajificha nyuma ya mwiko, wakamwacha mwanamke abebe moto wao.

Sasa ni miaka ya tisini, na kiangazi hiki msitu umeungua tena. Mrina asali mmoja amefia humo. Msibani, kijana aliyekaa karibu yangu alimwambia mwenzake, "Sijui mkewe huku nyuma alikuwa na nani." Mwenzake akacheka.

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Siku ile nilisimama mbele ya waombolezaji wote.

"Na nyie mliokuwa naye kambini," niliuliza, "mwenge mliuzima?"

Kicheko kilikatika. Mjane aliinua uso. Niliendelea kusimama, nikisubiri, kwa sababu swali lile ni la Yustina Kalunde, na mpaka leo hakuna mwanamume aliyelijibu.