Kijani Kwenye Dirisha la Hospitali

Ule ujumbe wa kompyuta ya hospitali niliutengeneza mimi. Mtu akiandika kitu, kibao kidogo kinachomoza pembeni juu ya skrini: cha kijani kama kitu kimehifadhiwa, chekundu kama mtandao umekatika. Na mtandao wa hapa Kamina, wee! Kuna siku wekundu ulianza na misa ya asubuhi ukaisha soko likifungwa. Masera, yule mtawa aliyeongoza hospitali, alitaka kila kitu kitangazwe, na skrini igeuzwe upande wa dirisha ili familia zione kwamba mgonjwa wao anashughulikiwa. Nikasema sawa, kazi ni kazi. Nikaandika sentensi moja ya Kifaransa itumike kwa yote. Kompyuta inaweka neno la mbele, kipimo au dawa au kitanda, na sentensi yangu inafuata: kimehifadhiwa kwa mafanikio.

Halafu baba akalazwa palepale. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na akigeuka tu kitandani anahema kama mtu aliyesukuma baiskeli ya makaa kutoka kijijini.

Mama hajui Kifaransa, wala kusoma. Alijua rangi, na umbo la jina la baba nililomwonyesha. Alikaa kwenye benchi mbele ya dirisha, kitenge mabegani, na kila kijani kilipotokea kwa jina la baba alikwenda kumwambia: "Banakuandika tena kijani. Utapona."

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Mutoto yako anajua kutengeneza mataa," alisema. "Atengeneze basi na ya kuleta pumzi."

Nilimweleza mama, Mungu ananiona. "Mama, kijani haiko dawa. Inasema tu mashini imeandika."

"Weye papa na masomo yako," alinijibu. Papa ndivyo anavyoniita, mimi mwanawe. "Kama haiko habari ya muzuri, juu ya nini uliitia rangi ya muzuri?"

Nilikasirika bure. Na ukweli ni kwamba hata mimi nilianza kukichungulia kile kijani. Dawa ya kutoa maji mwilini inaandikwa, kijani kinatokea, roho yangu inatulia kidogo. Upumbavu gani huu! Rangi niliyoichagua mwenyewe! Na baba alizidi kuvimba, miguu, kisha tumbo, kisha uso.

Asubuhi moja mganga alitoka haraka kwenye chumba cha wanaume. Hakututazama. Alimpa karatasi dada wa dirishani, ambaye alikuwa mgeni kazini na hakujua sisi ni nani, akarudi ndani. Yule dada akaandika. Kibao kikachomoza, cha kijani.

Mama akasimama. Akapiga makofi taratibu mbele ya kifua, vile sisi Baluba tunavyomshukuru mkubwa. "Ee Leza, Mungu wetu! Iko kijani! Papa, soma, banasema nini?"

Nilisoma. Jina la baba lilikuwepo. Neno la mbele lilikuwa kifo. Kifo kimehifadhiwa kwa mafanikio.

Nilitamani kuivunja ile skrini.

"Mama," nikasema, "baba alishakufa."

"Uongo!" Alipiga kelele hadi watu wa benchi wakageuka. "Kijani haiwezi kusema vile. Unasoma mubaya. Soma tena!"

Nikageukia skrini. Pembeni juu palikuwa peupe. Ujumbe wa mafanikio nilikuwa nimeupanga uondoke wenyewe, upesi, usimsumbue mtu.

Mama alikuwa amenishika shati kwa mikono miwili. Sauti yake ilishuka, ikawa ya kuniomba.

"Soma, papa. Soma tena polepole."