Gauni Nyuma ya Mlango

Mhariri alinirudishia sura ya nne huku anacheka. "Dada, gauni si mche liote lenyewe. Sema nani alilirefusha, au sema ilikuwa ndoto. Rekebisha hapo tu, kitabu tunakichapa."

Hapo tu! Miaka tisa nimeiandika riwaya ile nikiwa kwenye cherehani, kati ya sare moja na nyingine, yeye ananiambia hapo tu.

Riwaya yenyewe ni ya msichana anayekua. Ni mimi, sina haja ya kujificha. Pacha wangu alikufa kwa homa tukiwa na miaka saba, wiki moja kabla ya kuanza shule. Gauni lake la sare, la bluu, likabaki limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mama, marufuku kuguswa. Na kila mwaka, naapa, lilikuwa linarefuka. Nikisimama kando yake, pindo lilinifika pale pale, chini ya goti. Nilipotimiza miaka kumi na mmoja likaacha, nikalipita. Kwenye riwaya nikaandika kwamba siku hiyo pacha wangu aliniruhusu nikue peke yangu.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mama, aliyewashonea sare watoto wa mtaa mzima, sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hushinda kitandani akipapasa vifungo vilivyomo koponi mwake. Nikajifanya natafuta mkasi, nikalishusha lile gauni kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikaligeuza nje ndani.

Lahaula! Alama za sindano, mstari juu ya mstari, minne. Sare ya mtoto huachiwa pindo nene, ili akikua lishushwe. Fundi mzima mimi, na sikuwahi kulifikiria hilo. Au nilijitia hamnazo. Nikakumbuka mama alivyokuwa akinipima mara mbili, nami nikidhani anahakikisha. Kumbe mara ya pili hakuwa ananipima mimi.

Basi jibu la mhariri nilikuwa nalo mkononi. Sentensi moja, na kitabu kinatoka.

"Umelishika," mama akasema kutoka kitandani.

"Nimelishika, mama. Nataka nikusomee kitabu changu kinavyolisema."

Nikamsomea. Alisikiliza akitikisa kichwa taratibu: ee, likarefuka, ee. Nilipofika kwenye ile ruhusa ya pacha wangu, akainua mkono.

"Futa hapo."

"Kwa nini, mama?"

"Mwenzio hakuacha kukua." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta. "Kitambaa kiliisha, mwanangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilijiona naujua, nimeuandikia kitabu kizima. Sikujua kitu.

Kesho yake nikamwambia mhariri kwamba gauni linarefuka lenyewe, na wala haliachi.

"Sasa linaishia wapi?"

"Haliishii."

Akanirudishia bahasha yenye riwaya yangu, akasema pole dada, tukaagana. Nililia njia nzima. Mama hajauliza kitabu kimefikia wapi. Anachouliza, kila nikirudi kutoka kununua vitambaa, ni kama nimeipata bluu ile ile.