Mabeseni Pembeni mwa Uwanja

Dada yangu Furaha alidaka mechi ya fainali mfupa wa kiganja ukiwa umevunjika, na kitambaa kwenye mkono huo nilikifunga mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Hata leo nikipita sokoni nikasikia harufu ya chisense, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru wanaoanikwa mchangani mpaka wakakamae, vidole vyangu hukumbuka fundo lile kabla sijakumbuka mengine.

Nirudi nyuma kidogo. Tulikuwa tumevuka kutoka Kongo, tukapewa shamba Mantapala, makazi ya wakimbizi upande wa Zambia. Furaha, niliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi miaka minane, alipata nafasi ya kusomea ushonaji katika chuo kimoja cha ufundi mjini Nchelenge. Siyo kwamba alijua kushona. Chuo kilikuwa na timu ya mpira ya wasichana, naye alikuwa kipa.

Timu ile ililishwa na wafanyabiashara wa samaki. Kabla ya kila mechi mfadhili alileta beseni la chisense, na mabeseni yalipangwa pembeni mwa uwanja, nzi wakiyaimbia. Mwenye beseni alichagua mchezaji mmoja awe mutoto wake. Kabla ya filimbi, msichana huyo alimpigia goti, naye akamwekea mkono kichwani. Sisi watoto tuliona ni kitu kizuri sana, tukakiigiza nyumbani kwa sufuria tupu. Hatukutambua kwamba msichana aliyeletewa beseni hakuwekwa benchi kamwe. Alikuwapo winga mmoja aliyekimbia kana kwamba amebeba ndoo ya maji kichwani; alicheza msimu mzima.

Furaha alikuwa mutoto wa Papa Ilunga, mmoja wa wafanyabiashara hao. Ndiye aliyenunua jezi, ndiye aliyetia mafuta lori la mashabiki, na ndiye aliyekwenda kusema na wakubwa wa chuo mpaka dada yangu akapokelewa. Mama aliuza mandazi kando ya meza ya samaki ya Papa Ilunga, na kila asubuhi alimfutia vumbi kwenye kiti.

Siku mbili kabla ya fainali, Furaha aliangukia mkono mazoezini. Siku ya mechi kiganja kilikuwa kimevimba, ngozi inang'aa. Kocha Mwape, Mbemba mpole wa Zambia aliyekuwa na Kiswahili cha sokoni tu, aliutazama mkono ule akasema Bwalya, kipa wa akiba, ndiye atakayedaka.

Papa Ilunga akainuka kwenye kiti chake.

"Kocha, mi nimeleta bantu lori mbili toka Mantapala. Banakuya kutazama nani? Bwalya?"

"Mukono haiko muzuri, ba Ilunga."

"Mukono! Kwani anashika mpira na mukono moja? Eko na mbili."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Bwalya anaogopa mpira kama nyoka! Mutupe mutoto yetu!" Kicheko kikazidi, na Bwalya, aliyekuwa amesimama hapo hapo amevaa glovu, akaanza kuzivua polepole.

Kocha alimgeukia mama yangu. "Ba mama, weye unasema nini?"

Mama alitazama mabeseni. Kisha akafungua kitenge kilichokuwa kiunoni, akakipasua ukingo, akanipa mimi ule ukanda kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba.

"Funga nguvu," akasema.

Nilifunga nguvu. Furaha aliuma midomo, akaniambia, "We mutoto, unafunga mbuzi?" Nikafurahi kwamba anatania. Kisha akaenda kupiga goti mbele ya Papa Ilunga, akainuka kwa kutumia kiwiko.

Mantapala nzima iliimba jina lake, na mimi niliimba mpaka koo likakauka. Kipindi cha pili wapinzani wakapewa penalti. Furaha aliruka kulia, mpira ukagonga mkono ule ule, ukatoka nje. Niliona kinywa chake kimefunguka wazi. Nilidhani anashangilia. Nikafungua changu pia.

Tulishinda. Walimbeba mabegani, na kila aliyemfikia alitaka kumshika mkono.

Mfupa uliunga vibaya. Vidole viwili havikuweza tena kubana sindano, na mtu asiyeshika sindano hafundishwi kushona. Msimu uliofuata Papa Ilunga alimwekea Bwalya mkono kichwani. Furaha alikaa nyumbani miezi michache, halafu akavuka kurudi Pweto, upande wa Kongo, ambako anauza vocha za simu.

Siku hizi ninaandika habari za michezo kwa redio ndogo ya hapa kwetu, na nimezoea kumuuliza kila mmoja aliyekuwapo siku ile jambo lile lile: nani aliamua Furaha adake? Kocha Mwape aliniambia Furaha mwenyewe alisema mkono hauumi. Papa Ilunga aliniambia mzazi ndiye aliyekubali. Mama alisema kocha ndiye mwenye timu, kisha akaniuliza kama nimekula. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile kocha alikuwa anamwomba mama yangu hapana moja tu, kwa kuwa yake isingesikika. Na kwamba mama alimwachia kocha aiseme, kwa kuwa yake ingetugharimu nafasi ya chuo.

Mwezi uliopita nilimpigia Furaha nikamuuliza yeye. Nilisikia soko lake, watu wanabishana bei. Halafu akauliza, "Chuo kinacheza Jumapili? Nani anadaka?"

Nilimwambia kipa hajapangwa. Mabeseni ni mawili, wasichana ni wawili, na wenye mabeseni hawajaelewana.