Sifuri ya Mwendesha Lifti

Ilikuwa mwaka wa sabini na saba. Hapana, nadanganya, na habari hii sitaki kuianza kwa uongo. Ilikuwa sabini na tisa. Mwaka wa sabini na saba kitinda mimba wangu alikuwa hajazaliwa, na nakumbuka vizuri kwamba siku lifti ilipofungwa nilirudi nyumbani miguu inatetemeka, nikamkuta mtoto huyo anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Mke wangu akatutazama sote wawili, akasema, "Haya, sasa nina watoto wawili wanaojifunza kusimama."

Ninayetaka kumweleza ni kaka wa mke wangu, yaani shemeji yangu. Alikuwa mwendesha lifti katika jengo la ghorofa nane, ofisi za bima. Lifti ile ilikuwa ya kizamani, mlango wake wa chuma wa kukunja, na ndani mna mkono wa shaba ambao mtu lazima auzungushe ili chombo kiende. Shemeji alikaa juu ya stuli karibu na mkono huo, sare ya kaki imenyooshwa, vifungo amevisugua mpaka vinang'aa. Kila aliyeingia aliulizwa swali moja: "Juu au chini?" Ndiyo maana jengo zima lilimwita Juu-Chini. Maneno mengine kwake yalikuwa ya shida. Hata nilipokwenda kwao kumposa dada yake, yeye ndiye aliyefungua mlango, akanitazama, akauliza, "Ndani au nje?" Nikasema ndani. Akanipisha. Mazungumzo yetu ya kwanza yaliishia hapo.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya kupiga deki ngazi za jengo hilo. Kwa hiyo yeye alishika lifti na mimi nikashika ngazi, tukawa tumeligawana jengo.

Kuna jambo moja niliseme sasa hivi nisije nikalisahau. Swichi kubwa ya lifti ilikuwa katika chumba kidogo juu kabisa, chini ya paa. Kila asubuhi, kabla karani hata mmoja hajafika, shemeji alipanda kwa miguu hadi juu, akaiwasha, akateremka na lifti yake. Jioni aliizima, akashuka kwa miguu. Ni vidato mia moja na sabini na sita. Nimevihesabu kwa dekio, kimoja kimoja, asije mtu kunibishia.

Basi akaja meneja mpya. Alikuwa mwembamba kama uzi wa sindano, na kila alfajiri alikimbia kuzunguka mtaa akiwa na kaptura. Tulimwita Bwana Upepo. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya nane na lifti hakuigusa. Alikuwa mtu mzuri, nisije nikamsingizia, ila alipenda watu wote wawe kama yeye. Wiki ya tatu akabandika karatasi pana kwenye ubao wa matangazo pale chini. Majina yetu sote yaliandikwa kwa mstari, kuanzia yeye hadi mimi, na kila siku mtu alitakiwa kujaza mwenyewe amepanda ghorofa ngapi kwa miguu. Atakayeongoza baada ya miezi mitatu atapewa raba nyeupe za michezo, ambazo ziliwekwa kabisa pale kwenye kabati la kioo, watu wazimezee mate.

Wiki ya kwanza watu walijaza saba, nane. Wiki ya pili chuku zikaanza kupigwa.

"Mimi leo mara tatu, juu na chini," alisema Bwana Mihuri. Huyu alikuwa karani wa ghorofa ya saba, kazi yake kugonga mihuri kwenye barua, na tumbo lake lilifika mezani kabla yake.

"Tatu tu?" akamjibu Mama Taipu, mkubwa wa wapiga chapa. "Mimi nne, na viatu vya kisigino."

"Nne na hivyo visigino? Basi wewe si mtu, wewe ni mbuzi wa mlimani."

"Na wewe ukipanda tatu na hilo tumbo, jengo lingekuwa limeinama."

Walicheka, halafu kila mmoja akajaza namba yake kwa wino.

Sasa sikiliza walivyofanya. Asubuhi moja nilikuwa ndani ya lifti na ndoo zangu, akaingia Bwana Mihuri.

"Juu au chini?" shemeji akauliza.

"Juu. Ya sita, kaka."

"Si ofisi yako ni ya saba?" nikadakia mimi.

"Nina mazungumzo ya sita," akasema, macho darini.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa na bomba la maji. Alitoka, akalowesha leso, akajipaka usoni na shingoni, akafungua kifungo cha juu cha shati, ndipo akapanda ghorofa moja ile iliyobaki huku anahema kama mtu aliyekimbizwa na nyuki. Nikasikia wenzake wa saba wanampigia makofi. Baada ya wiki moja bomba la ghorofa ya sita likawa na foleni.

Na mimi je? Nami niseme langu. Nilikuwa nikipanda na lifti na ndoo mpaka juu, kisha nashuka nikipiga deki. Kwenye karatasi nilijaza nane kila siku. Nilijiambia kwamba kushuka na kupanda ni vidato vilevile. Mke wangu aliposikia alisema, "Kwa hesabu hiyo, na mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa ni mwanariadha."

Jengo zima, mtu mmoja tu alijaza sifuri. Shemeji. Jumatatu sifuri, Jumanne sifuri, mstari mzima kama mayai kwenye trei. Watu walimtania, "Juu-Chini, hata moja jamani?" Yeye akafunga mlango wa chuma, akauliza, "Juu au chini?"

Mwezi wa pili Bwana Upepo alikaa na karatasi ile akajumlisha. Akaona ajabu: watu wake wanapanda ghorofa mia tatu na kitu kwa siku. Akafurahi kweli kweli. Halafu akajiuliza, kama watu wote wanapanda kwa miguu, lifti inambeba nani? Akamwita shemeji juu, akamsomea barua. Lifti itafungwa wiki moja kwa majaribio, kuanzia Jumatatu. Kama hadi Ijumaa mchana hakuna atakayelalamika, itafungwa moja kwa moja, na mwendesha lifti atapumzishwa.

"Na wewe mwenyewe," akamwambia kwa upole, "umeandika sifuri. Kazi ya kukaa tu itakuua, mzee wangu."

Shemeji akasema, "Ndiyo, bosi."

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kazi nyingine hakuijua, na binti yake alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo cha ukunga. Jumapili alikuja kwetu, akakaa jikoni na barua magotini. Mke wangu akaacha sufuria.

"Kaka, kesho panda ukamwambie ukweli. Mtaje mmoja mmoja. Yule wa mihuri, yule wa taipu, na huyu hapa," akaninyooshea mwiko.

"Siwezi," shemeji akasema.

"Huwezi nini? Unga wako unamwagika!"

"Dada, watu wale nimewabeba miaka kumi na minne. Wamelia mle ndani. Wamegombana, wamepatana. Yule mhasibu alimposa mkewe kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Halikutoka neno kupitia kwangu. Nianze leo, kwa sababu ya ngazi?"

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo. Akanigeukia. "Na wewe shemeji usiseme."

Nikaapa. Mke wangu akatutazama, akasema wanaume wa ukoo huu wawili wakichanganywa hawatoki hata mmoja mzima, akarudi kwenye sufuria yake.

Jumatatu lifti ilikuwa na kufuli. Shemeji aliwekewa kiti pembeni yake, asubiri Ijumaa. Ungeona nyuso za watu pale chini! Kila mmoja alimtazama mwenzake, na nyuma yao ile karatasi inasoma kumi na sita, ishirini na moja, thelathini na mbili. Nani aseme hawezi? Wakajikaza kisabuni, wakapanda.

Bwana Mihuri nilimkuta ghorofa ya tatu amekaa kwenye kidato, koti begani.

"Vipi, bwana?"

"Nafunga kamba ya kiatu."

Viatu vyake havikuwa na kamba. Nikampita na ndoo zangu, nami roho ikiwa mkononi, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nazipandisha mwenyewe. Mama Taipu alipanda pekupeku, kisigino kimoja kila mkono. Chai ya saa nne ilifika ghorofa ya nane saa tano kasoro, baridi, nusu yake imemwagikia sahani. Lakini ungemuuliza yeyote hali, angekwambia, "Safi kabisa! Mimi nimezoea."

Jumanne ikapita bila lalamiko. Jumatano nikaona kitu kimeanza. Mama Taipu aliingia kwa meneja. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa napangusa kidato cha mwisho.

"Mimi binafsi sina shida, bosi," akasema. "Ila namwonea huruma Bwana Mihuri. Moyo wake ule..."

Hazikupita dakika ishirini, Bwana Mihuri huyo amefika, kijasho kinamtiririka, na safari hii si cha bomba.

"Mimi ningeendelea hata mwaka, bosi. Lakini Mama Taipu, magoti yake. Mwenyewe ana haya kusema."

Mhasibu akaja kumwombea mtunza stoo. Mtunza stoo akamwombea mhasibu. Hadi Alhamisi jioni walikuwa wameingia watu kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kila mmoja alileta magoti ya mwenzake. Meneja akachanganyikiwa. Lalamiko la mtu kwa niaba ya mtu mwingine ni lalamiko au si lalamiko?

Ijumaa, kama saa sita hivi, alishuka akanikuta ghorofa ya nne. Shemeji kule chini alikuwa amekwisha kukunja sare yake ya akiba na kuitia kwenye mfuko wa karatasi. Nilimwona kwa macho yangu.

"Mzee wa deki," akasema meneja. Miaka yangu ilikuwa arobaini tu, lakini dekio humzeesha mtu. "Nieleze kweli. Watu hawa walikuwa wanapanda, au hawapandi?"

Nami nilikuwa nimemwapia shemeji. Nikatazama ndoo yangu, maji meusi kama wino, ndipo nikapata la kusema.

"Bosi, mimi habari za watu sizijui. Ninachojua ni maji. Mwezi uliopita ndoo moja ilinitosha kuanzia ya nane mpaka chini, na maji yalibaki unaweza kujionea sura. Wiki hii nabadilisha ndoo sita kwa siku, na bado hazitoshi."

Akatazama ndoo. Akanitazama mimi. Akatazama ngazi juu, akatazama chini, na mara akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kidato nilichokuwa nimekilowesha sasa hivi. Alipoinuka, suruali yake nyuma ilikuwa na ramani.

"Fungueni lifti," akasema.

Shemeji akapewa ufunguo wa kufuli. Lakini lifti haikuwa na umeme, swichi iko juu. Basi akaweka mfuko wake wa sare juu ya kiti, akapanda. Watu walikuwa wanarudi kutoka kula, wakakusanyika pale chini kusubiri, meneja katikati yao ameshika saa. Dakika nne hazikutimia tukasikia mlio wa mota. Lifti ikateremka, mlango wa chuma ukakunjwa, shemeji ndani juu ya stuli yake, vifungo vyote vimefungwa, hahemi hata kidogo.

Meneja akamkazia macho. "Umepanda ghorofa nane sasa hivi?"

"Ndiyo, bosi."

"Na kila siku huwa nani anaiwasha?"

"Mimi, bosi."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Na kwenye karatasi umeandika sifuri?"

Hata Bwana Mihuri alisahau kuhema. Shemeji akashika mkono wa shaba.

"Juu, bosi?"

Hakuna aliyesogea. Kuingia kulikuwa ni kuungama mbele ya watu. Tulisimama kama tunapigwa picha. Mwisho Bwana Upepo mwenyewe, suruali yake imelowa, akaingia akasema kwa sauti, "Ya nane. Magoti yangu yananisumbua leo." Hapo ndipo mafuriko yakaanza, Mama Taipu mbele, na shemeji anasukuma watu nje kwa mkono mmoja, "Wanane tu! Wanane tu, jamani!"

Karatasi ilibanduliwa Jumatatu. Raba alipewa Bwana Mihuri hata hivyo, japo miezi mitatu haikutimia, kwani ubao ndivyo ulivyosema, na alizivaa mwaka mzima. Ndani ya lifti. Alishuka ya saba.

Shemeji aliendelea na kazi yake mpaka akastaafu, na binti yake ndiye aliyewapokea wajukuu zangu wawili walipozaliwa. Karatasi ile niliiokota kwenye taka, ninayo mpaka leo, mistari yetu sote na namba zetu za kiwendawazimu, na katikati mstari wake wa mayai. Nimemwonyesha mara nyingi. Huishika mbali na macho, akatabasamu, akanirudishia. Nimemuuliza mke wangu, akasema nimuulize mwenyewe. Nimemuuliza binti yake, akasema ndivyo baba alivyo. Sisi tuliojaza namba kubwa, sababu yetu naielewa, kila mtu anapenda kupigiwa makofi. Lakini yeye, kazi yake ilikuwa inakwenda na maji, na alichohitaji kuandika kilikuwa kweli tupu. Mtu aliyepanda kila siku ya Mungu, aandike sifuri kwa nini?