Kahawa Kabla ya Kamera

Mastura alikuwa akipepeta mchele simu ilipoingia kutoka hospitali: mdogo wake Mansur amefariki kwa maradhi ya moyo. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, na ungo ukamtoka mikononi.

Mansur alikuwa na karakana yake Malindi. Akiunda vifaa vya kufungwa kwenye malori ya zamani: kamera ndogo inayomtazama dereva na kupiga kelele akisinzia. Mwanzoni madereva waliichukia, wakidhani tajiri mwenye lori anawapeleleza, wakaifunika kwa kofia. Basi Mansur akawa hafungi kifaa mpaka akae na dereva mwenyewe, wanywe kahawa, amweleze kwamba picha haziendi kwa mtu. Kofia zikaondoka.

Mwaka jana kampuni moja ikataka malori yake mia mbili yafungwe kwa mwezi mmoja. Kazi hiyo ingeikuza karakana.

"Utakunywa kahawa na watu mia mbili, wewe?" Mastura akamcheka. "Ajiri vijana wafunge tu."

"Wakifunga tu, dada, kofia zitarudi. Tumbo ni langu, niache ninywe."

Mwezi ukaisha hajafika nusu, na kampuni ikaenda kwingine. Karakana ikabaki ndogo vilevile. Mastura aliumia kuliko yeye.

Mansur aliswaliwa baada ya adhuhuri. Madereva walikuwa wengi, wakapokezana jeneza mpaka makaburini Sabaki. Mastura alibaki nyumbani na wanawake wenzake, wakisoma Yasini. Mansur alizikwa kabla ya alasiri. Mwenyezi Mungu amrehemu.